Mjumbe Wetu Kaenda ALAT

Mkulima wa Myamba, wilayani Same, ana mjumbe kwenye mkutano mkuu wa ALAT, Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1984. Hana habari, lakini anaye. Yeye alimchagua diwani. Diwani na wenzake kule Same wakamchagua mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti akapanda gari, mkurugenzi ubavuni. Huyu wa pili hakupigiwa kura na yeyote, kateuliwa na Rais. Ila ndiye afisa masuuli, na posho haitoki bila saini yake.

Ukumbini ni beji shingoni, mkoba wenye nembo, na mgeni rasmi anayechelewa. Likija azimio la barabara za vijijini, linapita kwa makofi. Barabara zenyewe tangu 2017 ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, si halmashauri, lakini makofi hayana bajeti. Wakati huo gunia la tangawizi la mkulima wetu linateremka mlima kwa bodaboda, dereva akiliangalia wingu zaidi kuliko njia.

Mheshimiwa mwenyekiti, mkoba baki nao, umekupendeza. Sisi tupandishie kumbukumbu za kikao huku juu, tujue kura yetu uliipeleka wapi.