Msumari Kwanza: Hotuba Isiyoombwa na Mtu

Mabibi na mabwana wa Suam, wageni wetu wa Kitale na Bungoma, nanyi mnaopita na mizigo mkielekea forodhani, tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Afrika Mashariki na Kati katika Elimu ya Vikapu, cheo nilichojitunuku baada ya kujitahini kwa ukali na kujipasisha kwa kauli moja. Hoja yangu ni hii: katika zana za msusi, panga ni kibarua, kisu ni karani, na msumari uliotiwa mpini ndio mkurugenzi. Panga hukata mwanzi na kuupasua, likishamaliza linarudi kuvuna nyasi. Kisu hukwangua chane hadi zilainike, nacho kikalala. Ubavu wa kapu husukwa na vidole peke yake. Lakini kazi ikifika mdomoni, chane zimebanana, na kila ncha lazima irudishwe ndani ya ususi isije ikafumuka. Hapo kidole hakipiti. Msumari hupenya, ukasukuma chane kando pasipo kuikata, ncha ikapita. Ndiyo maana husuguliwa jiweni hadi uwe butu kidogo, kwani ukiwa mkali utakata kile ulichotumwa kukifungulia njia. Somo hilo sisi mabingwa bado halijatuingia.

Atatokea mjuaji kutoka Chwele adai kwamba msumari ni wa duka la vifaa vya ujenzi, na wazee walisuka kabla yake. Ni kweli, ila hawakusuka bila ncha. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, zimepatikana zana za mfupa zilizochongoka, zenye umri wa zaidi ya miaka 70,000. Kwamba wataalamu wanadhani zilitoboa ngozi wala si vikapu, hilo ni jambo dogo ambalo bingwa hulipita upesi. Mwingine atauliza: mbona makumbusho hayamsifu mkurugenzi wako? Basi atembelee Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926. Bwana huyo alikusanya vipepeo, na kipepeo wa mkusanyaji husimama kwa pini. Pini ni nani, kama si mdogo wake msumari?

Pingamizi zito ni moja tu, nalo ni la bei. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, lakini sheria kali namna hiyo haikumtajirisha msusi. Mnunuzi hupapasa ubavu, akasifu rangi, akabishania shilingi ishirini, na ule mdomo uliokula saa nyingi hautazami kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, vuteni mdomo wa kapu kwa mikono miwili. Ukilegea, rudisheni, ukikaza, lipeni bei aliyotaja msusi. Maswali yanapokelewa, wenye mapanga wakae nyuma.