Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Mheshimiwa Mfumo,
Kaunta zote za umma,
Musoma, Bunda na Butiama.

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA MADARAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pokea kwanza heshima zetu kutoka Bukima. Mkuu wa wilaya akitukatalia jambo, tunapanda ngazi hadi mkoani. Diwani akitukatalia, tunamsubiri kwenye kura. Wewe ukikataa, karani anageuza shingo, anasema "mfumo umegoma", na foleni nzima inatawanyika bila hata mmoja kuuliza kwa nini. Hukuapishwa, hukupigiwa kura, husaini barua. Tunakuandikia kwa unyenyekevu ukubali kupunguziwa madaraka, maana tumebaini kwamba mengi unayotuhumiwa wala si yako.

Wataalamu wanasema ugonjwa wako ni kwamba wewe na ndugu zako hamsomani. Ni kweli, na ukoo wenu ni mkubwa: halmashauri inakusanya mapato kwa TAUSI, inapanga bajeti kwa PlanRep, inalipa kwa MUSE, inanunua kwa NeST, zahanati nayo ina GoTHoMIS ya wagonjwa na FFARS ya fedha. Kila mmoja alizaliwa kwa haja ya kweli, na kila mmoja alilelewa kivyake. Dawa inayoandikwa ni ileile: kuwaunganisha. Lakini njia ya kuwaunganisha ipo. Sheria ya Serikali Mtandao ni ya mwaka 2019, na Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga GovESB, ambayo kazi yake ni kupitisha taarifa baina yenu. Kinachopungua ni kitu cha bei ndogo mno kutangaziwa zabuni: mtu wa kuamua kila taarifa ni ya nani kuitunza, na mbili zikigongana ipi inafuatwa.

Chukua kata mbili za Musoma Vijijini, Bukima na Bukumi. Kidole cha mwingizaji kikiteleza mara mbili, zahanati imehama kata. Mwananchi ni Mafuru kwenye kadi ya NIDA na Mafulu kwenye cheti cha shule, kwa sababu aliyeandika aliandika alivyosikia. Wilaya ya Butiama ilipomegwa kutoka Musoma mwaka 2012, vijiji vilibaki palepale ila orodha zote zilizovitaja zilitakiwa kuhama, na orodha hazina desturi ya kuhama pamoja. Ukiunganisha mifumo miwili yenye orodha za namna hiyo hujaondoa kosa, umelilipia nauli hadi ofisi ya pili. Anayeliondoa ni karani anayemfahamu Mafulu kuwa ndiye Mafuru, anayeingiza taarifa ileile mara mbili jioni watu wakishaondoka. Huyo ndiye muunganisho wenyewe. Kwenye maandiko ya miradi huonekana, akibahatika, katika mstari wa mafunzo ya siku mbili.

Atatokea wa kusema: basi futeni wote, mnunue mfumo mmoja mkubwa. Jiji la Birmingham, Uingereza, lilijaribu Aprili 2022. Liliacha SAP likahamia Oracle, na badala ya kubadili taratibu zake likaupinda mfumo mpya ufuate za zamani. Gharama iliyokadiriwa karibu pauni milioni 20 ikapaa hadi kupita milioni 100, na jiji likashindwa kufunga hesabu zake sawasawa. Maduka ya Lidl ya Ujerumani yaliutupa mradi wao mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyoripotiwa kufika euro milioni 500. Sababu mojawapo: Lidl huhesabu mali ya ghalani kwa bei ya kununulia, mfumo ulizoea bei ya kuuzia. Kwa hiyo hoja kwamba shida yetu ni umeme na mtandao tunaipokea nusu. Mtandao ukikatika kazi inasimama, na inaudhi. Lakini Birmingham haikukatikiwa umeme.

Hoja nzito zaidi dhidi yetu ni ndugu yako GePG, mfumo wa malipo ya serikali. Leo namba ya kumbukumbu ya malipo inatoka, mtu analipa kwa simu, serikali inaona. Tunaisifu bila kejeli. Ila tazama jinsi ilivyokwenda: Sheria ya Fedha za Umma ilirekebishwa mwaka 2017 ili makusanyo yapite humo. Uamuzi ulikuwepo, usio na mlango wa uani. Palipobaki mlango, mashine haikusaidia: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia hoja ya mapato ya halmashauri yaliyokusanywa kwa mashine za POS bila kufika benki. POS ilijua kilichokusanywa, benki ilijua kilichofika; katikati palikuwa na mtu na mfuko wake, na hakuna aliyepangiwa kulinganisha kila jioni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla mkataba ujao wa kukuunganisha haujasainiwa, tunaomba kila orodha, ya kata, ya vijiji, ya majina, ipewe afisa mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu. Ujaribiwe kwa madaftari halisi ya mwaloni na zahanati, makosa yake yote yakiwemo, badala ya majina matano safi yanayoonyeshwa ukumbini siku ya uzinduzi. Na karani akisema umegoma, aandike umegomea nini, asaini yeye.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Bukima.

Nakala: Mamlaka ya Serikali Mtandao, Dodoma, na wakurugenzi wa halmashauri husika. (Zimechapwa kwenye karatasi, kwa kuwa tunafahamu mtaziingiza upya kwa mkono.)