Jinsi ya Kumnyima Dalali Usingizi: Mwongozo kwa Mama Muuza Kuku wa Singida

Ukianzisha kikundi cha kuuza kuku, anza na mzani. Jina la kikundi, sare za kitenge na diwani wa kuja kuzindua vitasubiri. Mzani mdogo wa kuning'iniza unatosha, ila upeleke kwanza Wakala wa Vipimo ukahakikiwe, kisha uutundike kwenye mti ambao kila apitaye njiani atauona. Dalali wa kuku hapendi mzani. Yeye ana mkono. Atamshika jogoo wako miguu, ampandishe na kumshusha mara mbili, akunje uso kama aliyelambishwa shubiri, kisha atoe hukumu: "Mama, huyu hana kitu." Mkono huo huo ukifika Dar es Salaam unamsifia mteja jogoo yule yule. Sasa akinyanyua mkono, wewe mwonyeshe mti.

Hatua ya pili ndiyo kubwa, na wengi huiruka kwa sababu haifanani na biashara. Ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kiangazi kikikaza, ugonjwa ukisikika kijiji cha jirani, dalali hufika kwa pikipiki kabla ya bwana mifugo. Kila mama huuza kwa bei yoyote, maana kuku akifa hana bei kabisa. Hapo ndipo soko linapopotea, mbali na mnada na miezi kadhaa kabla yake. Dawa ya hasara hiyo ni chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa nchini: tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado hutaka ubaridi na kivuli. Tatizo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku kumi na watano akiinunua peke yake, nyingi ataimwaga.

Kwa hiyo chanjo yenyewe inakulazimisha uwe na majirani. Panga asubuhi moja, kabla kuku hawajafunguliwa, mpite nyumba kwa nyumba. Mmoja ashike kuku, mwingine adondoshe, na binti aliye darasa la sita aandike daftarini: majogoo wangapi, matetea wangapi, mitamba wangapi, vifaranga wangapi. Mkimaliza mna hesabu ambayo dalali hajawahi kuwa nayo. Mnaweza kumpigia mwenye hoteli Dodoma na kumwambia idadi ya majogoo watakaokuwa tayari Desemba, na uzito wao. Hayo ndiyo matangazo ya biashara. Picha nzuri kwenye grupu la WhatsApp zije baadaye, na kila picha iwe na kilo zake.

Kabla kuku hawajapanda basi kwenda kwa mteja, ulizeni swali ambalo huvunja vikundi vingi: anayefia njiani ni wa nani? Matenga yakishindiliwa kuku hufa, na walio hai hupungua uzito. Andikeni jibu mapema, pamoja na idadi ya kuku kwa kila tenga, mweke sahihi.

Bei ipangwe mbele ya wote. Hata hivyo, mwenzenu mmoja atauza pembeni. Msimfukuze. Mara nyingi mtoto wake alikuwa na homa jioni ile, na dalali alikuwa na pesa taslimu mfukoni. Huo ndio mtaji halisi wa dalali: pesa ya saa kumi na mbili jioni. Kateni kiasi kidogo kwenye kila kuku anayeuzwa, muwe na mfuko wa kukopeshana usiku huo huo, naye dalali atakosa mlango wa kubisha.

Atakuja pia mtu mwenye maneno matamu, akishauri kikundi kikue haraka kwa kuingiza wanachama, kila mmoja alipe kiingilio na walioanza wagawane. Mkumbusheni DECI, ule mchezo wa upatu. Watu walihimizwa kupanda mbegu za fedha, na 2009 ikaanguka na akiba za wengi. Ada ya kiingilio haitagi mayai.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo: asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ombeni, lakini baada ya kuuza misimu miwili kwa nguvu zenu, mkijua mnakopea nini.

Sasa wewe mwenyewe, mama mwenyekiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Kiongozi wa kikundi cha kuku hayumo humo. Mwingize kwenye katiba yenu: siku hizo hizo, msaidizi akishika kazi, na malipo yasikatike. Ndiyo, malipo. Kiongozi alipwe kiasi kilichoandikwa kwa kila kuku aliyeuzwa. Watakuambia uongozi ni moyo wa kujitolea. Waulize nani anapika wakati moyo huo uko stendi ya Misuna ukisubiri basi. Vikao vifanyike asubuhi, visiangukie saa za maji na moto. Baba watoto naye afundishwe kusoma mzani, si kazi ngumu.

Simu ya kikundi iwe ya kikundi kweli: wiki hii kwa katibu, wiki ijayo kwa mwekahazina. Mteja akipiga saa tatu usiku atajibiwa na aliye zamu, na bei ataikuta imeandikwa daftarini. Wewe saa hiyo kaa na wanao.