Jinsi ya Kutafuta Joto Sahihi la Datsun 240Z Bila Kulipata

Hatua ya kwanza ni kuwa na gari lenyewe. Mwongozo huu umeandikiwa mwenye Datsun 240Z, gari la milango miwili na silinda sita lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Wenye MGB na Jaguar E-Type wanakaribishwa pia, wakishamalizana na umeme wa magari yao.

Zikariri tarehe hizo. Utazihitaji siku gari litakapochemsha kwenye foleni ya Mombasa Road na dereva wa matatu atakapokuchungulia kwa huruma. Mwambie hizi gari zilipasua tope la Pasaka usiku na mchana. Akikujibu kwamba zile zilikuwa zinakimbia na upepo unapita kwenye rejeta, ilhali yako imesimama, pandisha kioo. Ni kweli kwamba feni yake huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikipunguza mwendo, feni nayo na pampu ya maji hupunguza mwendo, wakati ule ule unapozihitaji zaidi. Lakini hayo si mambo ya kujadili na mtu wa matatu.

Hatua ya pili: kificheni kitabu cha gari, wewe na familia yako. Kitabu kina ubaya mmoja, kinatoa jibu. Kinasema themostati ya kawaida ni ya nyuzi 82, ya nchi za joto ni 76.5, na ya nchi za baridi kali ni 88. Mtu akisoma hapo Jumamosi yake imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Sasa nenda gereji. Fundi wa kwanza hatauliza swali lolote. Atafungua boliti mbili mbele ya injini, atatoa kidude kidogo chenye springi na kukitupa ndani ya boksi la spana. "Bosi, hii ni nchi ya joto. Themostati ni mambo ya Wazungu." Gari ni la Wajapani, lakini usimkatize, yuko kazini.

Bila themostati, mshale utashuka, nawe utalala usingizi mzuri. Panda Limuru asubuhi moja ya Julai uone ulivyoshuka: umelala chini kabisa na hauna habari na mtu. Injini inayoendeshwa ikiwa baridi haiyeyushi petroli vizuri. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye sampu, na unyevu ambao ungefukuzwa na joto hubaki humo humo ukichanganyika na oili. Ukifungua kifuniko cha oili utakuta utando mweupe, mzito kama maziwa mgando. Hapo mwenye gari hupiga mayowe kwamba gasketi imekufa, naye fundi, ambaye si mtu wa kubishana na mteja, hushusha silinda hedi iliyokuwa nzima. Sijaona njia ya haraka zaidi ya kugeuza tatizo lisilokuwepo kuwa bili.

Silinda hedi ya gari hili ni ya aluminiamu na bloku yake ni ya chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kati ya hawa wawili wasiokubaliana amebanwa gasketi. Ndiyo maana joto likizidi sana hedi hupinda na gasketi hukata. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Kilichokosa msingi ni geji unayoitazama.

Geji hiyo ina zaidi ya nusu karne. Haijawahi kupima joto maisha yake yote. Inapima umeme uliopita kwenye sensa na waya, kisha inakisia. Ethi ikiwa na kutu, inakisia vibaya. Washa taa kubwa usiku na feni ya kupuliza kioo, utaona mshale unasogea ilhali maji hayajasikia lolote. Mwenye gari makini hununua sensa mpya, halafu geji mpya, halafu rejeta mpya, ndipo anasafisha ule waya wa ethi. Fuata mpangilio huo huo. Ukianza na waya utaokoa pesa nyingi na hutakuwa na la kusimulia.

Baada ya hapo tafuta kipima joto cha kuelekeza kwa mkono. Usitumie kile kilichobaki nyumbani tangu siku za korona. Kile ni cha vipaji vya nyuso za watu, na ukikielekeza kwenye injini kitatangaza homa kali na kuishia hapo. Nunua cha viwandani. Kisha kielekeze kwenye aluminiamu iliyong'arishwa, nacho kitakusomea namba ya chini kuliko ukweli, kwa sababu chuma kinachong'aa hutoa miale kidogo ya joto. Kipande cha utepe mweusi kikibandikwa hapo hurekebisha jambo hili. Lakini namba ya chini inapendeza, na wengi wetu tungeiacha ilivyo.

Umerudishiwa themostati? Ipime. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, koleza moto. Ile ya 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo, na kuwa wazi kabisa kwenye 95 hivi. Tatizo ni kwamba unapikia Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 na ushei. Unaweza kukaa jikoni hadi gesi iishe, hutaiona 95. Utahitimisha kwamba themostati imekwama na utaitupa. Ukitaka kuitendea haki, teremka nayo Mombasa. Ni safari nzuri, ila usiende na hilo gari.

Ndani ya injini mambo ni tofauti kwa sababu ya kifuniko cha rejeta, kidude cha bei ndogo ambacho hakuna anayekihesabu. Springi yake hushikilia presha, na maji yaliyo chini ya presha hayachemki hadi yapite nyuzi 110, hata huko huko Nairobi. Mshale ukigusa 95 kwenye mlima wa Mai Mahiu, injini bado ina nafasi. Hapa nitaacha mzaha kwa sentensi mbili: usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke palepale na kuyarusha mengine usoni pako.

Kuhusu kulanti, changanya nusu kwa nusu na maji safi. Ubishi wa kijani na nyekundu waachie wenye muda.

Kuna jambo la mwisho litakalokutisha. Umefika, umezima gari, umerudi baada ya dakika kumi, mshale uko juu kuliko ulivyouacha. Pampu imesimama, chuma bado kina moto, maji yametulia yanaunyonya wote. Petroli kwenye kabureta nayo imeanza kugeuka mvuke, kwa hiyo gari litagoma kuwaka. Fungua boneti, egemea, piga simu ya uongo. Watu watakuja kupiga picha.

Ukiyafanya yote haya, ipo hatari kwamba siku moja mshale utasimama katikati na kutulia, wiki baada ya wiki, foleni kwa mlima. Usikate tamaa. Kwenye 240Z, geji ya joto imegawana duara moja na geji ya presha ya oili. Injini ikishapata moto, oili huwa nyepesi, na ukisimama kwenye taa za barabarani mshale huo wa pili hushuka. Ni kawaida kabisa. Mpigie fundi.