Jaza Pengo, Mtahiniwa wa Merigi!

Bonasi ya majani chai huingia karibu na Oktoba, na kabla haijaisha mfukoni Kiingereza cha KCSE kimeshabisha hodi. Karatasi ya Kwanza, 101/1, ina alama 60, na ndani yake kuna kifungu chenye mapengo kumi. Pengo moja, neno moja, alama moja. Wengine wanaiita klozi, wengine wanaiita kujaza mapengo, na wengine huku Bomet Mashariki wanaiita majina nisiyoweza kuyaandika hapa.

Mimi naipenda kuliko insha. Kwenye insha unaweza kuzungukazunguka hadi mwalimu achoke; pengo linakudai neno lako papo hapo. Nami nashikilia hili: neno gumu halijui kukaa peke yake, na mwenye kuisoma sentensi vizuri humshinda mwenye kukariri kamusi. Tuhesabu kutoka tisa tukishuka. Bingwa wa darasa, wewe usiruke namba.

9. Daftari lenye jalada gumu

Kila bweni lina mmoja wao. Maneno yamepangwa kwa alfabeti na kupigiwa mistari kwa kalamu nyekundu: ‘cacophony’, ‘plethora’, ‘ubiquitous’. Hongera kwa bidii, ndugu yangu. Ila ‘plethora’ imetumikishwa mno katika kaunti hii; ipe likizo. Tena ukiulizwa linafuatwa na nini, unatazama dari. Linafuatwa na ‘of’. Kama daftari lako halisemi hivyo, umeandika nusu ya neno.

8. Kupenda urefu

Pengo likitokea kati ya ‘insisted’ na ‘paying’, mwenye kutafuta neno la herufi kumi na mbili ataachwa nyuma na mwenye herufi mbili: ‘on’. Klozi ya KCSE imejaa vijineno vya aina hii. ‘Capable’ hutaka ‘of’, ‘prevented’ hutaka ‘from’, ‘no sooner’ hutembea na ‘than’, na ‘hardly’ hutembea na ‘when’. Mrefu wa darasa hukaa nyuma. Maneno nayo yasipewe kiti cha mbele kwa urefu wao.

7. Herufi moja iliyokosewa

Hapa nataka tusemezane kwa heshima, maana wengine hulifanya jambo hili kichekesho. Kikalenjin hakitenganishi maana ya maneno kwa p na b, wala t na d, wala k na g. Ndiyo sababu hata jina la watu wetu limewahi kuandikwa Kipsigis na Kipsikis, na hakuna aliyepotea njia ya nyumbani. Dkt. Taaitta Toweett, mbunge na waziri wa zamani kutoka huku kwetu, aliandika kitabu kizima kuhusu isimu ya Kikalenjin. Lugha yetu ina mfumo wake, na mfumo si kosa.

Kiingereza nacho kina wake, na ndio unaosahihishwa. ‘Back’ ni mgongo, ‘pack’ ni kufunga mizigo. Ukipata neno sahihi kichwani kisha mkono ukaandika jirani yake, umechuma na kumwaga. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, kwa jozi, mwenzako akiandika anachosikia. Na usidhani ni kazi ya klozi peke yake: karatasi hiyo hiyo ina alama 30 za stadi za kusikiliza na kuzungumza.

6. Mjerumani aliyetaka kujua nani amechoka

Mwaka 1897, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, wakuu wa shule walitaka kujua kama masomo ya mfululizo huwachosha watoto. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus akawapa watoto vifungu vilivyotobolewa, wavikamilishe. Kwa hiyo ukisinzia juu ya klozi saa nane mchana baada ya githeri, usijilaumu sana: zoezi lenyewe lilizaliwa kama kipimo cha uchovu.

Jina la klozi lilikuja mwaka 1953, kutoka kwa Mmarekani Wilson Taylor. Yeye alikuwa anapima maandishi: kama wasomaji wengi wanaweza kurudisha maneno yaliyofutwa, maandishi hayo yanasomeka. Aliyekuwa kwenye mtihani siku hiyo ni mwandishi. Napenda kuwaambia vijana jambo hili, maana wengi wanaliogopa pengo kana kwamba lilitengenezwa kuwaaibisha.

5. Kiungo kilichorukwa

Itazame hii: ‘Although the rains were ______, the bushes gave plenty of leaf.’

Nusu ya darasa itaandika ‘heavy’, na nitawaelewa. Macho yameona mvua, yameona majani tele, yakaunganisha moja kwa moja kama mtu aliyekulia kando ya shamba la chai. Lakini mlangoni kabisa amesimama ‘although’, na kazi yake ni kukuambia kwamba nusu hizi mbili zinapingana. Majani yalikuwa tele, basi mvua ilikuwa haba: ‘scanty’, ‘meagre’, hata ‘poor’ inakubalika. Sasa mwondoe ‘although’, mweke ‘because’. ‘Heavy’ inarudi na haki yake, na ‘scanty’ inakuwa upuuzi. Mvua ni ile ile, chai ni ile ile. Aliyebadilika ni kiungo.

Kabla hujajaza chochote, zungushia kalamu ‘despite’, ‘yet’, ‘unlike’, ‘hence’, ‘moreover’. Mwenye haraka atakucheka. Mwache acheke, alama zinakuja.

4. Iten hadi Harvard

Kuna waliosema mapengo haya hayampeleki mtu popote. Mwaka 2004, Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, na John Manners, mwandishi wa Marekani, walianzisha mpango wa KenSAP. Manners alikuwa ameishi miongoni mwa Wakipsigis utotoni, baba yake akiwa mwanaanthropolojia aliyewachunguza. Mpango huo ulichukua vijana wa Bonde la Ufa waliong’ara katika KCSE, ukawaweka Iten na kuwaandaa kwa SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Miaka ile SAT ilikuwa na sehemu ya kukamilisha sentensi, yenye pengo moja au mawili na maneno ya kutoa jasho. Vijana wakafanya mazoezi, na kati yao wamo waliofika Harvard na Yale. Huko Iten wengine hukimbia milimani. Hawa walikimbia katikati ya sentensi.

SAT iliiondoa sehemu hiyo mwaka 2016. Anayekwenda kusomea shahada ya uzamili bado ataikuta kwenye GRE, tena ikiwa na mapengo hadi matatu katika swali moja: ukikosa moja, umekosa swali zima. Klozi ya 101/1 ina huruma. Kila pengo na alama yake.

3. Jirani wa kushoto, jirani wa kulia

‘Strong tea’, ndiyo. ‘Heavy tea’, hapana, hata ukiichemsha hadi jioni. ‘Heavy rain’, ndiyo. ‘Strong rain’, hapana. Hakuna kanuni ya sarufi itakayokueleza kwa nini. Ndivyo maneno yalivyozoeana, basi. Uhalifu ni wa ‘commit’, makini ni ya ‘pay’, na maafikiano ni ya ‘reach’.

Watu wa huku wanajua kuchuma: majani mawili na chipukizi. Ukileta jani gumu lililokatwa peke yake, karani wa kituo analitoa kwenye gunia mbele ya majirani zako. Neno nalo lichume hivyo hivyo: lenyewe katikati, na mwenzake wa kila upande. Usiandike ‘resort’ pekee, andika ‘as a last resort’. Usiandike ‘aversion’ pekee, andika ‘an aversion to’. Daftari litajaa upesi, na kwa mara ya kwanza litakuwa na faida.

2. Viganja juu ya majibu

Swali lenye chaguo nne, kama ilivyokuwa KCPE hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lina mtego mmoja mkubwa: majibu yenyewe. Mfano: ‘The manager was so ______ that he explained the whole bonus in four words.’ Chaguo: A ‘garrulous’, B ‘laconic’, C ‘frugal’, D ‘generous’.

Wape vijana swali hili jioni, uone vita. Mmoja atashika ‘generous’, kwa sababu ameona neno bonasi na moyo wake umejaa matumaini. Mwingine, huyu ni mjanja, atashika ‘frugal’: maneno manne, si ni kubana matumizi? Mkaribie huyo, anafikiri. Lakini ‘frugal’ ni wa pesa na chakula. Mwenye ‘garrulous’ amelipenda tu linavyonguruma.

Funika majibu kwa kiganja. Soma sentensi tena, ujaze kwa Kiswahili au kwa Kipsigis, lugha yoyote unayoiota. ‘So’ inamtafuta ‘that’, na baada ya ‘that’ kuna maneno manne tu. Meneja ni mtu wa maneno machache. Sasa ondoa kiganja: ‘laconic’ anakungoja, mtoto wa Laconia, nchi ya Wasparta waliosifika kwa kusema kidogo. Akikuuliza mtu kwa nini si ‘taciturn’, mjibu kwamba neno hilo halimo kati ya manne. Kisha mweleze kwamba ‘taciturn’ hapendi kuzungumza kabisa, lakini ‘laconic’ huzungumza, akafupisha.

Njia hii si ngeni kwenu. Kogo, yaani bibi yenu, anapotega tangoch, vitendawili vyetu, jioni, hampewi A, B, C, D. Mnasikiliza maelezo, mnatafuta kilichofichwa, na mdogo wenu wa darasa la tatu anawashinda.

1. Pengo unalolitoboa mwenyewe

Hili ndilo zoezi kuu, na halihitaji kitabu cha marudio cha bei ghali. Chukua ukurasa wa Daily Nation, hata ule uliofungiwa mandazi. Chagua habari unayoijali: bei ya chai mnadani Mombasa, mbio za marathoni, mpira. Iache sentensi ya kwanza nzima. Kuanzia ya pili, futa kila neno la saba kwa kalamu nyeusi, bila kuchagua wala kuhurumia. Mpe mwenzako, naye akupe wa kwake.

Hapo ndipo utaona lugha inavyofanya kazi. Kuna mapengo utakayoyajaza kabla macho hayajafika. Kuna mengine yanayokubali maneno mawili, na hayo ndiyo ya thamani. Yabishanieni. Gazeti liliandika ‘although’, wewe umeandika ‘while’: je, sentensi imepoteza nini? Mkibishana mpaka mkasahau chai ikapoa, mmesoma. Asubuhi andikeni kifungu chote upya kwa mkono, kwa tahajia kamili, kwa sababu ya ile namba saba.

Haya, kalamu mkononi. Sina majibu manne ya kukupa: ‘The clerk weighed every bag twice and wrote down even the half kilos, so nobody had ever called him ______.’

Aliyeandika ‘careful’ arudi namba tano.