Siku saba za matumaini

Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu: wasichana wawili wa Nairobi wamependana, na mwisho wake, eti, una matumaini kupita kiasi. Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba. Viti vikajaa. Siku ya nane, maadili yakarudi kazini.

Hapa soko la Gakoromone hakuna bodi: mama wa mitumba ananikung'utia jaketi la ngozi, misumari mabegani, la panki wa London kabisa.

"Kamera hiyo, kastoma, daraja la kwanza."

"Si la wanaume, mama?"

Akalipindua, akachungulia lebo, akapekua mifuko yote miwili.

"Mwenyewe hajaandika. Mia nane. Na buti lake liko chini ya meza, la kupigia teke."

Nikauliza teke la nani.

"Wewe lipa kwanza."