Kimya cha Njombe

Mkazi wa Dar es Salaam akikwambia anatamani kuhamia kijijini apate utulivu, jua anazungumzia kijiji cha kwenye kalenda: kilima, nyumba moja, ng'ombe asiyelia. Nami nilikuwa na kalenda hiyo kichwani. Mke wangu, mwalimu, alipopata uhamisho kwenda shule ya kijiji kimoja mkoani Njombe, nilishangilia kumzidi. Kazi yangu ni kuhariri miswada ya vitabu, na kwa miaka mingi niliifanyia Sinza, kati yangu na baa ukiwepo ukuta wa tofali moja tu.

Safari yenyewe ni kilomita 700 hivi. Fuso lililobeba vyombo vyetu lilipita Mikumi kwa adabu zote, maana ukimgonga mnyama mbugani faini yake inauma, kisha likaupanda mlima Kitonga kwa mwendo wa bibi harusi. Katikati ya hapo, Ruaha Mbuyuni, dereva alipakia viroba vya vitunguu juu ya godoro letu bila kuomba ruhusa, akaja kuvishusha Makambako. Vitunguu vikashuka, harufu ikabaki. Hadi leo mgeni akilala kwetu anaamka na hamu ya kachumbari.

Usiku wa kwanza kimya kilikuwepo, sikatai. Kilizidi hata nikashindwa kulala. Ilipofika saa tisa jogoo wa jirani akawika. Mimi najua jogoo huwika alfajiri akamaliza. Huyu ana zamu, na kila zamu hujibiwa na majogoo wa kitongoji cha pili. Wakanyamaza, nguruwe wakadai chakula. Nguruwe wakashiba, ng'ambo ya korongo ikawashwa dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa shamba hadi shamba. Na huku mashamba ya miti hayaishi: misonobari na milingoti mpaka macho yachoke. Dingdong ikishika gogo, hata chai kikombeni inatetemeka.

Ila tofauti ya kelele za Sinza na za hapa si ukubwa. Muziki wa baa ulikuwa wa kila mtu, mimi haukunihusu. Za hapa zinanihusu. Mtu anasimama ukingoni mwa ua, anapiga hodi, na haondoki mpaka nitoke. "Kamwene!" Naitikia. Habari za asubuhi, habari za nyumbani, mwalimu hajambo, halafu, bila kupepesa macho: "Na yale maharage, yaliiva?"

Habari za maharage zilikuwa zimeshafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tuliyainjika asubuhi kwenye jiko la gesi, kama tulivyozoea. Saa sita yalikuwa yanagonga sufuria kwa sauti ya kokoto. Saa tisa nikatafuna moja, jino likaniomba nisirudie. Mwalimu wa sayansi aliye ndani ya nyumba yangu akanieleza kwamba tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo maji yanachemka yakifika nyuzijoto 93 tu, wala hayafiki 100 tuliyoiacha Dar. Maharage yanaogeshwa, hayapikwi. Maelezo yalikuwa mazuri sana, na gesi ikaisha yakiwa bado yanaendelea. Bibi jirani aliyekuja kuchungulia alitusikitikia kwa dhati. "Mwanangu," akasema, "gesi ni ya chai. Maharage ni ya kuni." Kisha akaenda kuwaeleza wengine.

Yakafuata mafuta ya nazi. Mama mkwe wangu wa Tanga huyakamua mwenyewe, na mwanawe hapaki kingine kichwani. Siku moja chupa ikakutwa imejaa kitu cheupe, kigumu, hakitikisiki. Tukampigia simu ya video tumwonyeshe.

"Hayo mafuta ya nguruwe!" akapiga kelele.

"Mama, shikamoo. Ni yale uliyotufungia wewe mwenyewe."

"Basi wameyabadilisha njiani. Nani aliyebeba? Yule wa vitunguu?"

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na sisi tulifika Mei, miezi ya baridi ikianza, ile baridi inayounguza majani ya viazi mabondeni. Mke wangu aliishika chupa juu ya mvuke wa birika, mafuta yakalegea, yakameremeta, yakamiminika. Mama mkwe akaangalia yote hayo bila neno. Kisha akatuombea dua ndefu, na akakata simu.

Vitu vya Dar vimepata tabu hapa. Friji tumelizima, maziwa yanakaa dirishani na hayalalamiki. Feni ndiyo iliyochekwa zaidi. Ilikaa juu ya kabati imevishwa kanga mpaka Julai, maharage ya kijiji kizima yalipokuwa yamepigwapigwa yakisubiri kupepetwa, na upepo ukagoma. Bibi jirani akaiona kupitia dirishani. Akauliza inazunguka? Nikasema inazunguka, bibi. Ina nguvu? Ina namba tatu.

Sasa barazani, chini kabisa ya dirisha ninapofanyia kazi, kuna foleni ya akina mama wenye nyungo, na vicheko ambavyo baa ya Sinza haikuwahi kuvifikia. Makapi yanaingia ndani yanavyotaka. Mwandishi mmoja alirudishiwa mswada ukiwa na maganda ya maharage ndani ya sura ya tatu, akaniandikia kwa unyonge kuuliza kama hayo ndiyo maoni yangu.

Kila anayepepeta anaacha sado moja ya maharage mlangoni, ada ya umeme. Tunayo ya kutufikisha mwakani. Kuni ndizo hatuna.